Kuseti Tapeti Mwenyewe: Valvu Isiyolia Ndiyo ya Kuogopa

Wengi hufungua kava la juu la injini kwa sababu wamesikia kelele: tik-tik-tik nyembamba inayokwenda kasi kila ukikanyaga mafuta. Fundi anasema tapeti zimelegea, yaani nafasi ndogo iliyo juu ya valvu (milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye injini) imezidi, anaziseti, kelele inaisha, kila mtu anaridhika. Hakuna ubaya. Ila tapeti iliyolegea kidogo huvumilika kwa safari nyingi kabla haijaharibu kitu cha maana. Inayoua injini ni iliyobana, na hiyo hailii hata kidogo. Kwa hiyo kazi hii haifanywi kwa masikio. Inafanywa kwa kupima.

Sababu yake ni joto. Chuma kikipata moto hurefuka, na valvu nayo ni chuma. Ndiyo maana kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na ncha ya valvu, au kati ya kemshafti (mhimili wenye pua unaofungua valvu) na kikombe kinachofunika ncha ya valvu, huachwa nafasi ndogo sana injini ikiwa ya baridi. Injini ikishika moto nafasi hiyo hupungua. Ikiwa ilikuwa ndogo mno tangu mwanzo, valvu hubaki imeinuka kidogo hata pale inapotakiwa kuziba kabisa. Valvu ya hewa inaweza kustahimili hali hiyo kwa muda, kwa kuwa hupozwa na hewa mbichi inayoingia. Valvu ya moshi haina bahati hiyo. Kichwa chake kinaweza kuzidi nyuzijoto 700, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka pale tu kinapokaa juu ya kiti chake kwenye silinda hedi, sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo muda wa kupoa ni mfupi mno. Isipokaa vizuri, ukingo wake huanza kuungua, gesi hupenya palipoungua, na kadiri inavyopenya ndivyo pengo linavyopanuka. Mwisho wake ni kung'oa hedi.

Kwa injini nyingi zenye kemshafti juu, nafasi hupungua yenyewe kadiri gari linavyotembea. Valvu na kiti chake husagana, valvu inazama ndani ya hedi, na ncha yake ya juu inasogea kuelekea roka. Magari yaliyogeuzwa kutumia gesi hupatwa na hili haraka zaidi. Ina maana injini inazidi kuwa tulivu huku ikiharibika. Zile za zamani zenye pushrodi (fimbo zinazosukuma roka kutoka chini) mara nyingi huenda upande wa pili: roka, pushrodi na skrubu zinalika, nafasi inaongezeka, kelele inakuja.

Dalili za kubana, kama zitaonekana, ni hizi: gari linawaka vizuri asubuhi lakini linasumbua likiwa la moto, injini inatetemeka ukisimama kwenye taa, nguvu zinapungua kwenye mlima. Mlipuko mdogo unaorudi kwenye njia ya hewa huelekeza kwenye valvu ya hewa. Pafu-pafu kwenye bomba la moshi huelekeza kwenye valvu ya moshi.

Kwanza hakikisha injini yako inasetiwa

Injini nyingi zina tapeti za haidroliki, ambazo hujazwa oili na kujiseti zenyewe. Hizo haziguswi. Zikipiga kelele tafuta tatizo kwenye oili au kwenye tapeti yenyewe. Kundi la pili lina vikombe na shimu: hapa unapima kwa fila (mabamba membamba ya kupimia nafasi), lakini kurekebisha ni kubadilisha kipande cha chuma chenye unene maalum. Kundi la tatu, ambalo ndilo mwongozo huu unalishughulikia zaidi, lina skrubu na loknati (nati inayoizuia skrubu isisogee) kwenye kila roka. Kama hujui lako ni lipi, kitabu cha gari kitakuambia. Ukiona roka yenye skrubu iliyozungukwa na nati, uko mahali sahihi.

Kisha tafuta vipimo vya injini yako hasa. Huandikwa kwenye kitabu cha matengenezo, na baadhi ya magari yana kibandiko chini ya boneti. Usiazime kipimo cha gari la jirani. Volkswagen Beetle nyingi za kupozwa kwa hewa hutumia milimita 0.15 kwa valvu zote. Land Rover za zamani zenye injini ya petroli ya lita 2.25 hutumia 0.25 kwa zote. Injini nyingi za Honda za familia ya D hutaka 0.18 hadi 0.22 kwa valvu za hewa na 0.23 hadi 0.27 kwa valvu za moshi. Zinapotofautiana, valvu ya moshi karibu kila mara ndiyo hupewa nafasi kubwa, kwa sababu ndiyo inayopata moto zaidi.

Angalia pia kitabu kinasema injini iwe ya baridi au ya moto. Nyingi husetiwa zikiwa za baridi, na baridi maana yake gari limelala usiku kucha. Saa moja baada ya kuzima haitoshi. Hedi ya aluminiamu inashika joto kwa muda mrefu kuliko mkono wako unavyoweza kukuambia.

Vifaa

Fila geji ndiyo mama wa kazi hii. Nunua yenye mabamba membamba yanayopishana kidogo kidogo, na kwa injini ambazo roka zimejificha tafuta yenye mabamba yaliyopinda. Bamba lililokunjika au lenye kutu litupe. Utahitaji pia ringi spana inayoenea kwenye loknati, bisibisi bapa inayojaa vizuri kwenye mfereji wa skrubu, soketi yenye mpini mrefu ya nati ya puli ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), spana ya plagi, toki renchi ndogo (spana inayopima nguvu ya kukaza), matambara safi, gasketi mpya ya kava, na kalamu na karatasi. Vya mwisho hivyo viwili watu hudharau, nami huona ni muhimu kama fila yenyewe.

Kufungua

Egesha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe au vigingi kwenye matairi, gia iwe nyutro. Ondoa waya wa hasi wa betri. Hatua hii si mapambo: vidole vyako vitakuwa karibu na mikanda na puli, na mtu akizungusha ufunguo kwa bahati mbaya unaweza kuvipoteza.

Ondoa waya za plagi au koili huku ukiziandika namba. Puliza au futa mashimo ya plagi kabla ya kuzifungua, mchanga usiangukie kwenye silinda, kisha toa plagi zote. Bila plagi hakuna kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda), na krankshafti inazunguka kwa mkono mmoja, taratibu, unasimama unapotaka. Kwa dizeli acha injekta mahali pake. Utazungusha kwa nguvu kidogo zaidi, basi. Ziba mashimo ya plagi kwa vitambaa vinavyoonekana wazi, ambavyo huwezi kuvisahau.

Safisha kingo za kava la juu, fungua bolti zake kidogo kidogo ukianzia nje, kisha liinue. Likigoma ligonge kwa upole na nyundo ya mpira. Usiingize bisibisi kati yake na hedi, kwani mkwaruzo mmoja utavujisha oili kila siku. Ukishaliondoa, tazama ndani kabla ya kugusa chochote. Rangi ya kahawia nyepesi ni ya kawaida. Tope jeusi zito linakuambia oili ilikaa mno bila kubadilishwa.

Kutafuta wakati wa kupima

Valvu hupimwa ikiwa imefunga kabisa na pua ya kemshafti imegeukia mbali nayo. Njia ya kuaminika ni kuweka pistoni ya silinda husika juu kabisa, mwishoni mwa mpigo wa kukandamiza, ambapo valvu zake zote zimefunga.

Zungusha injini kwa nati ya puli ya krankshafti, usiizungushe kwa bolti ya kemshafti. Fuata upande ambao injini huzunguka kawaida. Nyingi huzunguka kwa mwendo wa saa ukizitazama upande wa puli, lakini Honda nyingi za zamani huenda kinyume. Kurudisha nyuma kunaweza kulegeza mkanda wa taimingi, unaounganisha krankshafti na kemshafti, ukaruka jino, kwa hiyo ukipita alama, zunguka tena mpaka ufike. Kama nati ya puli haifikiki na gari ni la gia za mkono, inua tairi moja linalosukuma gari, uliweke juu ya stendi imara (jeki peke yake haitoshi), ingiza gia ya juu na uzungushe tairi kuelekea mbele. Injini itafuata.

Alama ya puli husaidia, lakini ina mitego miwili. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi, mara moja ikikandamiza na mara moja ikisukuma moshi nje, na alama haiwezi kukuambia ni ipi. Pili, puli zenye mpira ndani huweza kuteleza zikizeeka, alama ikadanganya. Mimi huamini valvu zenyewe zaidi.

Kwenye injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, silinda 1 na 4 hupanda pamoja, na 2 na 3 hupanda pamoja. Itazame silinda 4 huku ukizungusha. Utaona roka ya moshi ikimaliza kupanda, valvu inafunga, na papo hapo roka ya hewa inaanza kushuka. Simama pale katikati, zote mbili zinapopishana. Wakati huo silinda 1 iko juu kabisa, valvu zake zimefunga, na roka zake zinacheza kidogo ukizitikisa kwa vidole. Pima silinda 1. Kisha zungusha krankshafti nusu mzunguko, na endelea kwa mpangilio wa kuwaka wa injini yako, yaani zamu ambayo silinda zake hufuatana kuwaka. Kama mpangilio ni 1-3-4-2, ambao ndio wa kawaida, unafuata silinda 3 (tazama kupishana kwenye silinda 2), halafu 4 (tazama silinda 1), halafu 2 (tazama silinda 3). Injini ya silinda sita za mstari yenye mpangilio 1-5-3-6-2-4 hutaka theluthi ya mzunguko kila mara, na wenzi wake ni 1 na 6, 5 na 2, 3 na 4.

Kuna mkato ambao mafundi wa injini za zamani zenye valvu nane huupenda: kanuni ya tisa. Hesabu valvu kutoka mbele, 1 hadi 8. Valvu moja ikiwa imefunguka hadi mwisho, pima ile ambayo ukiijumlisha nayo unapata tisa. Ya 8 ikiwa chini kabisa, pima ya 1, ya 6 ikiwa chini, pima ya 3, ya 4, pima ya 5, na kadhalika. Kanuni hii hufanya kazi pale tu valvu za moshi na za hewa zimepangwa kwa ulinganifu, nusu ya mbele ikiwa kioo cha nusu ya nyuma. Kama huna hakika, tumia njia ya kupishana.

Pima zote kabla ya kurekebisha hata moja

Hapa ndipo karatasi inapofanya kazi. Chora silinda zako, na kwa kila valvu andika nafasi uliyoikuta. Kishawishi cha kurekebisha papo hapo ni kikubwa, kwa kuwa spana iko mkononi. Lakini ukirekebisha bila kuandika, umefuta taarifa pekee ambayo injini ingekupa: ni valvu gani zinabana, ni zipi zinalegea, na kama kuna moja inayokwenda peke yake tofauti na wenzake.

Ingiza bamba la fila lililopakwa oili kidogo, likiwa limelala sawa bila kupinda. Linapaswa kupita kwa mkwaruzo mwepesi, kama karatasi unayoivuta kutoka ndani ya kitabu kilichofungwa. Ukilazimika kusukuma, nafasi ni ndogo kuliko bamba. Likipita bila kugusa, nafasi ni kubwa. Mikono hutofautiana, kwa hiyo thibitisha kwa mabamba mawili: kama kipimo ni 0.20, la 0.20 lipite kwa mkwaruzo na la 0.25 likatae. Jaribio la pita-kataa halina ubishi.

Kwenye injini za pushrodi, bonyeza roka upande wa pushrodi kwa kidole kabla ya kupima, ili kukamua utando wa oili. Utando huo hula sehemu ya nafasi na kukupa kipimo cha uongo.

Kagua pia sehemu ya roka inayogonga valvu. Roka za injini zilizotembea sana huchimbika kishimo. Bamba la fila ni bapa, linakaa juu ya kishimo kama daraja, nawe unasoma nafasi ndogo kuliko iliyopo kweli. Ukiseti gari la namna hiyo kwa uangalifu wote bado litapiga kelele. Dawa yake ni kubadilisha roka au kuichonga upya. Usijaribu kuizima kelele kwa kukaza skrubu, maana hapo ndipo watu hubana valvu bila kujua.

Kurekebisha

Legeza loknati nusu mzunguko hivi, skrubu ikiwa imeshikwa na bisibisi. Ingiza bamba la kipimo. Zungusha skrubu taratibu mpaka usikie mkwaruzo mwepesi kwenye bamba. Ishike skrubu isisogee hata kidogo, kaza loknati, kisha pima tena.

Kupima tena si hiari. Nati inapokazwa huvuta skrubu pamoja nayo, na nafasi iliyokuwa sahihi inabana. Baada ya valvu mbili tatu utajua injini yako inavuta kiasi gani, na utaanza kuacha skrubu imelegea kidogo ili nati iikamilishe. Loknati ikazwe kwa kipimo cha kitabu. Ni nati ndogo, na skrubu ikikatika humo utajuta.

Ukiwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa na unachagua upande, valvu za moshi ziegemeze upande wa nafasi kubwa. Kelele kidogo ni bei ndogo.

Ukimaliza silinda zote, zungusha krankshafti mizunguko miwili kamili na upime zote upya. Karibu kila mara kuna moja iliyokudanganya, hasa zile za nyuma karibu na ukuta wa injini, ambako fila huingia kwa kupinda.

Wenye shimu kazi yao ni hesabu. Unene wa shimu mpya ni ule wa shimu ya zamani, ongeza nafasi uliyopima, toa nafasi unayotaka. Ukikuta shimu ya 2.70, nafasi ni 0.10 na unataka 0.20, shimu mpya ni 2.60. Pima shimu ya zamani kwa maikromita, kwa sababu namba iliyochorwa juu yake huenda imesagika pamoja na chuma. Kwenye injini ambazo shimu iko chini ya kikombe, kemshafti lazima itolewe na taimingi irudishwe sawasawa. Kama hujawahi kugusa taimingi, ishia kwenye kupima na umpelekee fundi karatasi yako. Tayari umemfanyia nusu ya kazi.

Kufunga na kuwasha

Futa kingo za hedi na kava mpaka zikauke. Weka gasketi mpya, na tone la silikoni kwenye pembe na kwenye miviringo ya kemshafti pale kitabu kinapoagiza, si zaidi. Silikoni ya ziada humeguka ndani na kuziba njia za oili. Bolti za kava ni ndogo: nyingi hazihitaji zaidi ya Nm 10. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu. Toa vitambaa kwenye mashimo, hesabu vifaa vyako vyote, rudisha plagi kwa mkono kwanza na waya kwa namba zake, kisha betri.

Washa. Tiki chache za mwanzo mpaka oili ipande ni sawa. Mlio mdogo uliosawazika kwenye injini yenye skrubu ni sawa pia. Unachotafuta ni mlio mmoja unaozidi wenzake. Harufu ya oili inayoungua inamaanisha gasketi inavujia kwenye bomba la moshi. Zima na urekebishe kabla ya safari.

Kusoma karatasi yako

Tapeti zote zikiwa zimepungua kwa kiasi kinachokaribiana, huo ni uchakavu wa kawaida, na utaziangalia tena kwa muda uliotajwa kwenye kitabu, au mapema zaidi kama gari linatumia gesi. Moja ikiwa imebana sana peke yake, irekebishe halafu ipime tena baada ya kilomita 1,000 hivi. Ikiwa imebana tena, valvu hiyo ama inazama kwenye kiti chake au shina lake linarefuka, na kuendelea kuilegeza ni kuahirisha tu. Wenye Beetle za zamani walilijua hili kwa valvu ya moshi ya silinda 3, ambayo hupata hewa iliyokwisha kupashwa moto na kipoza oili. Shina lililorefuka likikatika, kichwa cha valvu huangukia juu ya pistoni.

Kwa valvu ya namna hiyo, pima kompresheni ya silinda yake na uilinganishe na nyingine. Ikiwa chini waziwazi na haipandi hata ukidondosha oili kidogo kwenye silinda, pete za pistoni hazina kosa. Hedi inatakiwa kung'olewa, na ni nafuu kuing'oa sasa kuliko baada ya pistoni kutoboka.